Kigoti cha Gitaa la Sefu

Simu ililia nikinywa uji. Alikuwa Mwanaidi, binti wa Sefu, anapiga kutoka kisiwa cha Juani, hukuhuku kwetu Mafia. Aliniamkia kwanza, akaniuliza afya, akamuulizia na mjukuu wangu anayesoma Dar, ndipo akasema kwamba baba yake amefariki alfajiri na wanazika siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Nikasema yanayosemwa. Kabla ya kukata akaongeza kwamba marehemu alikuwa akinitaja mara kwa mara, tena kwa wema. Nikalisogeza bakuli la uji mbali nami. Watu wakipata habari ya msiba hulia, au hunyamaza, au huanza kutafuta kanzu. Mimi nilishikwa na kichefuchefu. Huzuni ninaijua, nimezika mke na kaka wawili, na hii haikuwa huzuni. Kilikuwa kinyaa, na mtu niliyemwonea kinyaa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa msuli wangu, anapumua kwa pua yangu. Nilikaa naye pale mpaka jua likapanda, kisha nikaondoka naye kwenda Utende kutafuta chombo cha kutuvusha.

Kinyaa hicho kina mwaka wake. Ni ule uliofuata Azimio, shamba kubwa la minazi lilipokwisha kuchukuliwa na serikali, na meneja wake mzungu akaondoka kwa ndege na masanduku mawili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa fundi baiskeli pale Kilindoni kabla ya kuajiriwa katika karakana ya shamba, chumba cha mabati kilichopakana na ghala la mbata upande mmoja, na upande wa pili, kwa ukuta wa mbao tu, na ofisi iliyokuwa ya meneja na sasa ikawa ya Mwenyekiti Shomari wa tawi la chama na kamati yake. Nazi iliyokaushwa vizuri ina harufu tamu. Yetu haikukaushwa vizuri. Tangu wasimamizi wa zamani waondoke watu waliianika ikanyeshewa, wakaiingiza ghalani mbichi, ikaota ukungu wa kijani, na wadudu wadogo wekundu wakazaliwa humo kwa maelfu. Walipita chini ya mlango, wakaanguka kutoka darini, wakaingia ndani ya chai. Nilikuwa nikila chakula cha mchana humo, muhogo wa kuchemsha na kipande cha pweza mkavu, mkono mmoja ukila na mwingine ukifukuza. Baada ya miezi miwili niliacha kufukuza. Nadhani mambo yangu mengi ya mwaka ule yalianza hivyo, kwa kuacha kufukuza.

Meneja aliacha vitu vingi, na kamati iligawana vyote isipokuwa kimoja ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Lilikuwa gitaa, lakini halikuwa na tumbo la kukumbatia wala shingo ya kushika. Lilikaa kama meza nyembamba juu ya miguu minne ya chuma, nyuzi kumi zimelazwa juu yake. Mpigaji hukaa mbele yake kwenye kiti, hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzidonoa kwa mkono wa kulia. Chini kuna makanyagio matatu ya mguu, na juu ya makanyagio, kwenye usawa wa magoti, zinaning'inia nyenzo mbili ambazo mtu huzisukuma kwa goti huku akipiga. Kwa kukosa jina lake, kila wenzo tuliuita kigoti. Ukikisukuma kigoti, huzungusha mhimili ulio tumboni mwa meza, mhimili huvuta kijiti cha chuma, nacho kijiti hulegeza uzi mmoja, na sauti yake hushuka nusu toni. Ukiondoa goti, springi hukirudisha na sauti hupanda palepale. Ule mshuko na mpando ndio unaofanya gitaa lilie kama mtu anayejizuia kulia. Kigoti kisiporudi, uzi hubaki umeshuka na kila kinachopigwa juu yake huoza.

Aliyejua kulipiga alikuwa mmoja tu, naye ni Sefu, mpishi wa meneja. Alikuwa mtu wa Juani, mwembamba, msafi kupita kiasi, mkubwa kwangu kwa miaka minne au mitano. Kwa miaka sita alilifuta vumbi kila Jumamosi, na meneja alipokwenda Dar alilifuta kwa kulipiga. Hakupata kufundishwa. Aliangalia magoti ya bwana wake wakati akimpelekea kahawa. Mwalimu Lazaro, aliyeletwa kutoka bara kufundisha shule yetu na ambaye alikuwa akipiga kinanda kanisani kwao, alimsikia mara moja akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Ndiye aliyeishawishi kamati kwamba tawi liwe na kikundi cha muziki, na gitaa liwe mali ya kikundi, na Sefu awe mpigaji. Mwenyekiti alikubali kwa sababu tawi la wilaya nyingine lilikuwa na tarumbeta.

Nikapewa mimi kazi ya kulitengeneza. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula vijiti viwili vya tumboni, na ndani nilikuta kinyesi cha mende, mayai ya mjusi na mfupa wa panya. Nilisafisha kwa mswaki, nikitema mate kila baada ya dakika. Vijiti nikavibadilisha kwa spoki za baiskeli. Spoki ina uzi wa skrubu mwishoni na nati yake ndogo, kwa hiyo unaweza kuirefusha au kuifupisha kwa robo ya mzunguko, na hicho ndicho kigoti kinachotaka. Nililala chali chini ya meza, bisibisi mkononi, wadudu wa mbata wakinidondokea usoni, na Sefu amekaa juu yangu akisukuma goti na kusikiliza. Alikuwa akisema kaza, au legeza, au acha. Mara nyingine alisema rudisha ulipotoka, bila hasira, na mimi nilirudisha. Jioni moja alisukuma, akaachia, akasukuma, akaachia, kisha hakusema kitu. Nikatoa kichwa kumwangalia. Alikuwa amefumba macho. Katika mwaka wote ule hizo ndizo saa ambazo sizionei haya, na ninaziandika hapa upesi kwa sababu hazikuwa nyingi.

Ndani ya sanduku la gitaa mlikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya cherehani, mepesi, meupe kama maji. Kilikuwa kimejaa kama nusu. Karakana ilikuwa na grisi ya trekta na mafuta machafu ya injini, na vyote nilivijaribu kwenye kigoti vikashika vumbi la mbata na kuwa matope. Meli ilikuwa haijaja kwa wiki nyingi na duka la ushirika halikuwa na mafuta ya mashine wala sindano. Kwa hiyo kikopo kile kilikuwa na thamani, na Sefu aliniomba nikitunze. Nikakiweka nyuma ya rafu, nikakizungushia kitambaa.

Siku moja ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atakuja kutoka mkoani kukagua shamba na kijiji. Mwalimu Lazaro alileta habari nyingine iliyokuwa ndani ya barua hiyohiyo: mgeni ataangalia vikundi, na kila wilaya itatoa mwanamuziki mmoja wa kuingia bendi ya serikali huko bara, kwa kazi ya kudumu. Sefu alipoambiwa aliendelea kukunja kitambaa alichokuwa akifutia nyuzi, akakikunja mpaka kikawa kidogo kabisa. Alikuwa hana kazi tangu meneja aondoke. Alikuwa akipasua nazi ghalani pamoja na vibarua, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchanika. Akaniambia kwamba akikosa hili atarudi Juani kulima muhogo na vidole vitakwisha. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikamwambia kigoti chake kitakuwa tayari.

Wiki ileile nilisikia jambo kupitia ukuta wa mbao. Sikuwa natega sikio. Ukuta ule ulipitisha hata mtu akijikuna. Mwenyekiti alikuwa akizungumza na katibu wake. Walikuwa wakila, nilisikia mifupa ikigonga sahani, kwani kamati ilikuwa na desturi ya kuchinja kuku wa shamba kila palipokuwa na mkutano, na mikutano ilikuwa mingi. Katibu aliuliza nani awe msimamizi wa karakana. Mwenyekiti akasema yule fundi kijana anafaa, hana maneno. Kisha wakamsema Sefu, kwamba anatembea kama bado anabeba sinia ya mzungu, na kwamba mgeni akimchukua itakuwa afadhali, ataondoka na kiburi chake. Nilifurahi. Kusifiwa na mdomo uliojaa mafuta ya kuku wa wizi, na nikafurahi, ndivyo nilivyokuwa.

Siku mbili kabla ya mgeni, Mwenyekiti aliingia karakana mwenyewe. Nikasimama nikamwamkia. Alisema Bi Zuhura, mkewe, anashona sare za vijana wa gwaride na cherehani yake inakwaruza, na amesikia nina mafuta. Nilijua kikopo kile ni cha nini. Nilijua pia kwamba zilibaki sare nne tu, na kwamba matone matatu yangetosha. Ningeweza kumtilia matone matatu kwenye kizibo. Nikaingia nyuma ya rafu nikatoa kikopo chote, na kitambaa chake, nikampa kwa mikono miwili. Akakipokea bila kushukuru. Mikono miwili ndiyo inayonichukiza zaidi ninapokumbuka. Hakuna aliyenilazimisha mkono wa pili.

Mchana wa kuamkia siku yenyewe Sefu alikuja kujaribu gitaa na kigoti kikawa kizito kidogo. Akaniomba nikitie mafuta. Ningeweza kumwambia kweli. Ningeweza hata kuchukua mafuta ya taa, yangefaa. Lakini mfukoni nilikuwa na kichupa changu cha mafuta ya nazi, nilichokuwa nikipaka nywele, nacho kilikuwa karibu kuliko taa iliyokuwa upande wa pili wa chumba. Nikalala chali na kumimina. Jua la saa tisa lilikuwa likiyapiga mabati na mafuta yakaingia kila pembe kama maji. Kigoti kikakimbia. Sefu alikisukuma mara nyingi, akacheka, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo, akaniambia, "Fundi, mikono yako mizuri." Nikamjibu ni kazi tu.

Ilikuwa kipupwe. Kila mtu wa Mafia, hata mtoto, anajua mafuta ya nazi yanafanya nini asubuhi ya kipupwe. Huganda yakawa meupe chupani, na wanawake huiweka chupa juani kabla ya kujipaka. Asubuhi ile ya mgeni na mimi niliweka kichupa changu kwenye dirisha, nikasimama nikisubiri yayeyuke, nikapaka nywele, nikachana, nikajitazama kwenye kioo nikaona nimependeza. Sikufikiri chochote. Mara nyingi nimetamani ningekuwa nimefanya kusudi, kwa sababu mtu mwovu angalau ana akili ya kuheshimika.

Mgeni alitua saa moja na nusu na alitakiwa kuondoka kabla ya saa nne. Gitaa lilitolewa ghalani, lilikolala juu ya sakafu ya saruji, likawekwa kivulini mbele ya ofisi. Vijana wakapita na sare zao. Kisha Mwalimu Lazaro akainua mkono na kikundi kikaanza wimbo wa kusifu chama, na watu wote wakasimama. Sefu alianza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Kwenye mstari wa pili alisukuma kigoti, sauti ikashuka kama inavyotakiwa, akaondoa goti, na sauti haikupanda. Nilijua papo hapo. Nilijua kabla yake. Niliyaona yale mafuta kwa akili yangu, meupe, mazito, yameubana mhimili. Alijaribu tena, akagonga kwa goti, akabadilisha vidole kuukwepa uzi ule, lakini kila alipopita uliingia na kuuharibu wimbo, na watoto wakaanza kucheka. Mwishowe akafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya na mpigaji yeyote hapaswi. Aliacha kupiga, akageuka, akapiga magoti na kuingiza kichwa chini ya gitaa ili akirudishe kwa mkono. Wimbo wa chama ukaendelea bila yeye, watu wamesimama wima, na makalio ya Sefu yameelekezwa kwa mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, bisibisi mfukoni. Sikusogea.

Mgeni aliondoka akiwa amenuna. Kamati ikakaa saa sita mchana ofisini, na safari hii niliitwa upande wa pili wa ukuta. Gitaa lilikuwa limeachwa palepale nje, kivuli kikalihama na jua likalipiga, na lililetwa ndani likiwa la moto. Sefu alisimama. Mwenyekiti alisema kwamba kumgeuzia mgeni wa serikali makalio katikati ya wimbo wa chama ni hujuma, na mtu aliyelelewa jikoni kwa mzungu anajua anachofanya. Sefu alisema kigoti kilikwama. Mwalimu Lazaro akasema jambo hilo ni rahisi kulijua, akainama, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kikaenda, kikarudi. Akarudia. Kikaenda na kurudi laini, bila kukwaruza, mbele ya macho ya watu wote. Sefu alikitazama kile chuma kama mtu anayekanwa na ndugu yake. Mwalimu hakuridhika. Alinigeukia.

"Fundi, ulitia mafuta gani?"

"Ya cherehani, Mwalimu," nilisema. "Yale ya kwenye sanduku."

Kikopo kilikuwa nyumbani kwa Mwenyekiti, kando ya cherehani ya mkewe, na Mwenyekiti alilijua hilo sawasawa. Aliinua macho akaniangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniangalia kama mtu. Kisha akaangalia kucha zake na kusema kwamba basi chuma ni kizima na mafuta ni ya halali, aliyeharibu ni mwenye goti. Mle chumbani kila kichwa kilinuka mafuta ya nazi, changu kupita vyote, kwa hiyo hata kunusa kusingemsaidia mtu. Sefu aliambiwa hatakuwa na kazi shambani wala kwenye kikundi. Alinyoosha mikono ya shati lake, akatuaga mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho, akatoka. Baadaye ililetwa sahani ya pilau iliyosazwa na mgeni. Mwenyekiti alinisogezea mnofu kwa mkono wake, nami nikaula. Nikaongeza. Ladha yake ninaijua mpaka leo, na tangu siku ile sijapenda kula pilau nyumbani kwa mtu.

Nikawa msimamizi wa karakana kwa miaka kumi na moja. Mwalimu Lazaro alihamishwa. Kikundi kilikufa, gitaa likafungiwa ghalani, na baadaye nilikuta duka la ushirika linakata miche ya sabuni kwa nyuzi zake. Nilinunua sabuni hiyo, nikaiogea. Sefu alilima Juani, akaoa, akapata Mwanaidi. Kama miaka miwili baada ya mkasa tulikutana kisiwani Chole, kwenye gati, wote tukisubiri kuvuka. Hatukuwa na mtu mwingine karibu. Nilijua hapo ndipo pa kusema, na nilikuwa nimefungua mdomo, aliponitangulia.

"Nimefikiri sana, Fundi," alisema. "Chuma kilikuwa kizima. Nadhani ni goti langu lililotetemeka. Niliogopa, ikaniharibikia."

Aliniangalia akisubiri. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kama alivyosema. Nilihitaji maneno matano tu.

"Huenda," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kumwambia kweli. Uongo wa mbele ya kamati naweza kuueleza kwa woga, nilikuwa kijana, kulikuwa na watu wa kuogopwa. Huu wa pili hauna maelezo. Hakukuwa na Mwenyekiti pale gatini. Nilimchukua mtu aliyekuwa na shaka ndogo juu ya nafsi yake nikaipigilia msumari, kwa neno moja, kwa sababu lilikuwa fupi kuliko yale mengine. Tangu hapo nilikuwa nikimwona sokoni na kupita njia nyingine. Yeye kila alipopata mtu wa kumtuma alinitumia salamu.

Siku ile ya simu nilifika Juani wameshamkafini. Jeneza lilikuwa limetolewa uani, wanaume wamejipanga, na shehe, kijana ambaye hakuzaliwa mwaka ule, alisimama kabla ya sala kama ilivyo desturi. Alisema marehemu alikuwa mwanadamu, na kama kuna mtu ambaye marehemu alimkosea, amwachie kwa ajili ya Mungu. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Hakuna anayeuliza pale kama yuko aliyemkosea marehemu. Swali hilo halimo. Kisha jirani mmoja wa Sefu, mzee mwenzangu, akamnong'oneza shehe jambo, na shehe akanigeukia kwa heshima. Alisema ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyetengeneza chombo cha kikundi enzi zile, na kwamba marehemu aliniharibia kazi mbele ya wageni, na kwamba jambo hilo lilikuwa likimsumbua mpaka mwisho. Akaniomba, kama bado nina kinyongo, nikitoe.

Safu zote ziligeuka. Nilikuwa na miaka mingi ya maneno kooni. Nilimwangalia shehe, nikaliangalia jeneza.

"Nimemsamehe," nilisema, kwa sauti ya kusikika.

Watu wakanipisha nisimame safu ya mbele. Tuliporudi kutoka makaburini Mwanaidi alitoka ndani, macho yamevimba, akaniamkia, akaushika mkono wangu na kuubusu. Habari ilikuwa imeshafika kwa wanawake. Alisema baba yake amelala mwepesi leo kwa ajili yangu, na kwamba hajui atanilipa nini.

Nikamwambia, "Usijali, mwanangu."